Kiduha na Wito Usio Wake

Ua la kiduha linapendeza: dogo, jekundu au la waridi kutegemea aina, limesimama katikati ya mtama uliodumaa. Limejuaje pa kuota?

Tuanze na mbegu. Punje ya mahindi ni mche mchanga uliofungiwa masurufu; ukiifukia sentimita tano, inayo akiba ya kuufikisha juani. Mbegu ya kiduha ina urefu wa milimita 0.3 hivi. Pasua tumba kavu juu ya karatasi nyeupe, utaona vumbi la kahawia. (Kisha ichome karatasi hiyo, tafadhali, mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu.) Vumbi halina akiba ya maana. Likichipua pasipo na mzizi wa kunyonya, litakufa ndani ya siku chache. Kwa hiyo hungoja, hata miaka 10 na zaidi, mpaka lipate dalili kwamba mzizi uko milimita chache kutoka lilipo.

Dalili hiyo ni kemikali. Ya kwanza ilitambuliwa mwaka 1966 kutoka mizizi ya pamba, ikaitwa strigoli. Cha ajabu, pamba yenyewe hainyonywi na kiduha. Sasa mmea una faida gani kumwita mwizi? Jibu lilikawia hadi 2005: hauiti mwizi, unaita kuvu. Zipo kuvu zinazoishi mizizini kwa kubadilishana: zinauletea mmea fosforasi ya udongoni, nao unazilipa sukari. Kiduha kinadukiza tu. Fosforasi ikipungua, mmea huzidisha wito, na ndiyo sababu shamba lililochoka hujaa kiduha.

Kikishika mzizi hukaa chini ya ardhi kwa wiki kadhaa kikinyonya. Kikitokeza, huacha vitundu vya majani yake wazi, maji yanapotea hewani, na mahindi yananyauka ilhali mvua imenyesha juzi. Ukija na jembe wakati huo, umekuta mwizi ameshakula.

Huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria upande wa Kenya, watafiti wa ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu, walipanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, kati ya mistari ya mahindi. Mizizi yake hutoa kemikali zinazoamsha mbegu za kiduha, pamoja na nyingine zinazokizuia kuushika mzizi wa mhindi. Mbegu inaamka, inapapasa, akiba yake inaisha.