KUFUMA MTO WA NYUMBANI: PIMA KWANZA



Miezi ya Juni na Julai baridi ya Ufipa hutuingiza ndani mapema, na jioni huwa ndefu. Ndiyo sababu safari hii tumechagua somo la kufuma mto wa kupamba kiti au kochi. Ni kazi ya akina mama na mabinti, na vijana wa kiume wasione haya, maana sindano haiulizi anayeishika ni nani.

Katika nyumba nyingi tumeona kapu lenye kipande kilichoanzwa kikaachwa. Mwenyewe akiulizwa, hujibu, “Mimi sikujaliwa mikono.” Hatukubaliani naye. Mara nyingi mikono yake ni mizima, ila hakufundishwa hesabu ya kazi hii. Alihesabiwa vitanzi na jirani, akafuma jioni kumi, kisha mto ukakataa kuingia. Fedha ya uzi ikapotea, na moyo ukavunjika. Twataka somo hili limrudishe kwenye kapu lake.

Tukumbuke pia kwamba kufuma si jambo geni Ufipa. Katika karne ya 19 wazee wetu walilima pamba, wakasokota nyuzi na kufuma nguo nzito zilizosifiwa mbali na hapa. Nguo za viwandani zilipofika kwa wingi na kwa bei ndogo, kazi ile ikafifia. Wao walifuma kwa kupitanisha nyuzi za wima na za kukingama. Sisi leo tunafuma kwa sindano mbili, kitanzi ndani ya kitanzi. Ujuzi usiofundishwa hupotea na wenyewe.

VIFAA
1. Uzi wa sweta wa unene wa wastani, gramu 100 kwa upande wa mbele.
2. Sindano mbili za kufumia, za milimita 4. Spoku za baiskeli ni nyembamba mno kwa uzi huu. Mwanzi uliochongwa na kulainishwa kwa msasa wafaa.
3. Kitambaa cha kitenge kwa upande wa nyuma. Kifue kwanza, kisije kikarudi au kuchuja rangi baadaye.
4. Mto wa ndani wa sentimita 40 kila upande, uliojazwa sufi, pamba au vipande vya sponji. Msichanganye: sufu ni manyoya ya kondoo, nayo hufumwa, sufi hutoka kwenye msufi, nayo hujazwa.

Asiyeweza kununua uzi mpya atafute sweta la mtumba. Atazame kwanza mishono ya ubavuni: ikiwa kitambaa kilikatwa kwa mkasi, aliache, kwa kuwa atapata vipande vifupi vya uzi tu. Kama halikukatwa, afumue mishono, kisha aanze kufumua sweta lenyewe kutoka pale lilipomalizikia kufumwa, uzi akiuzungushia mgongo wa kiti. Aufunge mahali panne usitatizike, aufue kwa maji ya uvuguvugu, auanike kivulini ukiwa umening’inizwa na kitu chepesi. Uzi uliojikunja utanyooka. Maji ya moto huharibu sufu.

KIPANDE CHA KUJARIBIA
Hapa ndipo penye kiini cha somo. Chuoni tulikuwa tukiwapa wanachuo uzi mmoja, sindano za namna moja na idadi moja ya vitanzi. Vipande vilivyorudi havikulingana upana hata siku moja. Kila mkono una mkazo wake: mmoja huvuta, mwingine hulegeza. Kwa hiyo hesabu ya jirani si hesabu yako.

Anza na vitanzi 25, ufume mistari 30 ya nakshi iliyoelezwa hapa chini. Laza kipande mezani bila kukivuta, weka rula katikati, uhesabu vitanzi vilivyomo katika sentimita 10. Kisha toa sentimita 2 katika kipimo cha mto, ili foronya ikaze na isilegee. Zidisha kinachobaki kwa vitanzi ulivyohesabu, ugawe kwa 10. Jibu lipeleke kwenye namba ya karibu inayoishia na 5.

Mfano, kwa mto wa sentimita 40:
Vitanzi 20: 38 × 20 ÷ 10 = 76; anza na 75.
Vitanzi 22: 38 × 22 ÷ 10 = 83.6, anza na 85.
Vitanzi 25: 38 × 25 ÷ 10 = 95; anza na 95.

Tazameni tofauti hiyo. Mwenye mkono wa kukaza akianza na vitanzi 75 vya mwenzake, atapata upana wa sentimita 30 tu.

NAKSHI YA MKEKA
Kitanzi cha mbele hufumwa uzi ukiwa nyuma ya sindano, nacho huonekana kama herufi V. Kitanzi cha nyuma hufumwa uzi ukiwa mbele, nacho huacha kifundo.

Mstari 1, 3 na 5: 5 mbele, 5 nyuma, hivyo hivyo, malizia 5 mbele.
Mstari 2, 4 na 6: 5 nyuma, 5 mbele, malizia 5 nyuma.
Mstari 7, 9 na 11: kama mstari wa 2.
Mstari 8, 10 na 12: kama mstari wa 1.

Rudia hadi urefu ufike sentimita 38, ukimalizia mahali miraba inapokamilika. Funga vitanzi bila kukaza.

Kila mwisho wa mstari, hesabu. Kitanzi kikianguka, kiokote papo hapo kwa ncha ya sindano, kwani kikiachwa kitafumuka hadi chini. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KUMALIZIA
Kata kitenge sentimita 40 kwa 40, nafasi ya mshono ikiwa sentimita 1 kila upande. Kikabilishe na kipande ulichofuma, pande nzuri zikitazamana. Shona pande tatu, geuza, ingiza mto, kisha funga upande wa nne kwa zipu au vifungo, ili foronya ivuliwe na kufuliwa.

ZOEZI
Mto una sentimita 50, na mkono wako hutoa vitanzi 22 katika sentimita 10. Utaanza na vitanzi vingapi? Aliyepata 105 amelielewa somo. Sasa akalitoe lile kapu, afumue kipande cha zamani, na uzi ule ule auanze upya kwa hesabu yake mwenyewe. Na akipata binti wa kukaa naye jioni, amkabidhi rula kabla ya sindano.