Usaili wa Chuo cha Udaktari: Vidokezo 10 kwa Vijana wa Kihanga

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, swali huwa lilelile kuanzia Kihanga hadi Nkwenda: "Nimesoma PCB, nimefaulu, sasa udaktari naupataje?" Wengi huhesabu alama, wakajaza fomu, wakasubiri. Lakini ipo milango ambayo alama peke yake haziifungui. Utaitwa, utaketishwa mbele ya watu usiowajua, na utaulizwa wewe ni nani. Kijana wa Karagwe au Kyerwa ana mengi ya kujibu kuliko anavyodhani. Kinachotakiwa ni kuyapanga mapema.

1. Jua mlango upi una usaili
Muhimbili (MUHAS), Bugando kule Mwanza (CUHAS), KCMC Moshi na Chuo Kikuu cha Dodoma huchagua wanafunzi wa shahada ya udaktari kwa ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa vigezo vya Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU). Kwa kawaida hapo hakuna usaili. Usaili utaukuta kwenye ufadhili mwingi wa masomo ya nje, vyuo vya udaktari vya Uingereza, Chuo Kikuu cha Aga Khan, na jirani zetu ng'ambo ya Mto Kagera: Chuo Kikuu cha Usawa wa Afya Duniani (UGHE) kilichopo Butaro, kaskazini mwa Rwanda. Chuo hicho kilianzishwa mwaka 2015 na shirika la Partners In Health la marehemu Dkt. Paul Farmer, na wanafunzi wake wa kwanza wa udaktari walianza mwaka 2019.

2. "Nataka kusaidia watu" haitoshi
Mwalimu anasaidia watu. Fundi bomba naye anasaidia. Msaili atakuuliza papo hapo: kwa nini basi si uuguzi, kwa nini si ualimu? Jibu lako liwe na mambo matatu: tukio uliloliona kwa macho yako, ulichojifunza, na hatua uliyochukua baada ya hapo. Liseme kwa dakika mbili, kisha nyamaza. Usilikariri neno kwa neno, maana ukisahau sentensi moja utapotea kabisa.

3. Nenda ukaione kazi yenyewe
Anzia kwenye zahanati ya kijijini kwenu, kisha uombe nafasi kubwa zaidi: Hospitali ya Nyakahanga kwa walio Karagwe, Isingiro kwa walio Kyerwa. Nenda na barua ya utambulisho ya serikali ya kijiji, muone mganga mfawidhi, uombe kuangalia tu. Usimguse mgonjwa, usipige picha, na katika daftari lako usiandike jina la mtu.

Angalia vitu vidogo. Mtoto ana homa, muuguzi anamtoboa kidole, tone la damu linawekwa kwenye kipimo cha malaria, mama anasubiri. Unatokea mstari mmoja tu: hana malaria. Mama hakubali, anataka dawa ya mseto kwa sababu mwaka jana ndiyo iliyomponya mtoto. Muuguzi anamwambia nini? Anamsikiliza kwanza au anamkatisha? Homa hiyo inatafutiwa sababu gani nyingine? Andika yote. Dakika kumi kama hizo zitakupa mengi zaidi ya kusema kwenye usaili kuliko kurasa nyingi za kitabu.

4. Ijue afya ya mkoa wako
Ukisema unatoka Kagera, tarajia kuulizwa juu ya Kagera. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waliripotiwa mkoani humu mwaka 1983. Machi 2023 mlipuko wa kwanza wa virusi vya Marburg nchini ulitangazwa Wilaya ya Bukoba: wagonjwa 9, vifo 6. Januari 2025 ugonjwa huo ulirudi, safari hii Biharamulo, na wote 10 waliohesabiwa, 2 waliothibitishwa kwa vipimo na 8 waliodhaniwa, walifariki. Kutaja tarakimu ni mwanzo tu. Uwe tayari kueleza kwa nini muuguzi huwa hatarini mapema, kwa nini mazishi huhitaji tahadhari, na kwa nini waliokaribiana na mgonjwa hufuatiliwa kwa siku 21.

5. Maswali ya maadili: fikiri kwa sauti
Jaribu hili. Mtoto ana degedege. Baba anataka kumkimbiza hospitali, bibi anasema aanzie kwa mganga wa kienyeji. Wewe ndiye daktari, wamekupigia simu. Unafanyaje?

Anayejibu "bibi ana imani potofu" amejipunguzia alama. Jibu zuri huanza na mtoto: alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, aletwe haraka. Kisha humgeukia bibi kwa heshima: shikamoo, naelewa hofu yako, njoo naye ukae karibu yake wakati tunampima. Wasaili wanataka kuona njia unayopita kufikia uamuzi, kwa hiyo iseme hatua kwa hatua.

6. Uzoee usaili wa vituo
Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Chuo Kikuu cha McMaster cha Kanada kilibuni usaili wa vituo vingi vifupi, na vyuo vingi duniani vimeufuata. Unasoma swali mlangoni, unaingia, unajibu kwa dakika chache, kengele inalia, unahamia kwa msaili mwingine. Fanyeni mazoezi mkiwa wanne au watano, darasani jioni, simu moja ikipima muda. Kituo cha kwanza kikiharibika, kiache hukohuko, kwa sababu msaili wa pili hajui ya kwanza yalikwendaje.

7. Eleza kwa lugha tatu
Wengi wenu mna Kinyambo cha nyumbani, Kiswahili cha mtaani na Kiingereza cha darasani. Chukua ugonjwa mmoja, tuseme kisukari. Mweleze bibi kwa Kinyambo, rafiki kwa Kiswahili, kisha jieleze kwa Kiingereza na ujirekodi kwenye simu. Ukikwama kwa bibi, jua somo hujalielewa bado. Kiingereza cha usaili hakihitaji maneno makubwa: sentensi fupi, sauti inayosikika, mwendo wa taratibu. Na ukiulizwa una nini cha ziada, sema bila kusita kwamba unaweza kuzungumza na mgonjwa wa kijijini kwa lugha yake.

8. Makaratasi na mtandao
Hakikisha jina lako limeandikwa sawasawa kwenye cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne na kitambulisho. Herufi moja ikitofautiana, anza kushughulikia sasa, usingoje barua ya mwito. Pasipoti nayo iombe mapema. Kama usaili ni wa video, usiufanyie mahali mtandao unapokatika. Nenda Kayanga au Omurushaka siku moja kabla, jaribu chumba, jaribu sauti, chaji simu mpaka ijae na uwe na bando la akiba kwenye laini ya pili.

9. Siku yenyewe
Vaa nguo safi uliyoizoea. Salimia kila aliyepo, hata karani wa mlangoni. Usipoelewa swali, omba lirudiwe. Usipojua jibu, sema hujui, halafu eleza ungelitafuta wapi, maana daktari anayebuni majibu ni hatari kwa mgonjwa. Mwishoni ukipewa nafasi ya kuuliza, itumie: wanafunzi huanza lini kuwaona wagonjwa? Mkataba wa ufadhili unanidai miaka mingapi ya utumishi?

10. Omba na hapa nyumbani
Hata ukiitwa Butaro au London, tuma maombi kwenye vyuo vya Tanzania dirisha la kwanza linapofunguliwa, na ya mkopo kwenye Bodi ya Mikopo (HESLB). Waliofanya vizuri sana kwenye sayansi wafuatilie pia Ufadhili wa Samia. Kabla ya kukubali nafasi ya nje, waulize TCU na Baraza la Madaktari Tanganyika kama shahada hiyo inatambuliwa na utahitaji nini ukirudi kufanya utarajali. Usipochaguliwa mwaka huu, diploma ya utabibu ni njia halali: ukiimaliza kwa ufaulu mzuri unaweza kuomba shahada ya udaktari, ukiwa umeshawaona wagonjwa wengi.

Wilaya zetu zinahitaji madaktari wanaoujua mgomba, mpaka na lugha ya watu wake. Tafuta wenzako wanne wiki hii, mgawane maswali ya hapo juu, na muanze kuulizana.