SOMO: DAKTARI MKUU NI WA NANI?

Ndugu wanakikundi, katika mkutano mmoja mama aliuliza: "Daktari mkuu analipwa na serikali. Mbona tunatumwa kwa kliniki yake?" Swali hilo limewasumbua pia wenzetu wa Ireland.

Mji wa Dublin una hospitali tatu kubwa za uzazi. Rotunda ilianzishwa mwaka 1745. Kila moja inaongozwa na daktari bingwa wa uzazi anayeitwa Master, yaani Mkuu. Anashika usukani miaka saba, kisha anampisha mwingine. (Wenyeviti wetu, mnasikia?)

Maneno yalikuja kwa malipo. Kwa miaka mingi mabingwa wengi walipokea mshahara wa umma, na ndani ya hospitali ile ile wakawatoza akina mama wenye uwezo. Mama wa kulipa alimwona bingwa aliyemchagua. Asiye na pesa alionwa na yeyote wa zamu.

Mwaka 2023 serikali ilileta mkataba mpya. Bingwa wa kudumu anapata zaidi ya euro 200,000 kwa mwaka, lakini ndani ya hospitali ya umma hatozi mgonjwa. Akitaka kazi ya kando, aifanye kwingine, nje ya saa zake. Waliokuwa na mkataba wa zamani hawakulazimishwa kuuacha. Pesa ni nyingi, ndiyo, lakini mimi naona afadhali mshahara mkubwa unaojulikana kuliko mdogo wenye mlango wa nyuma.

Maswali ya kujadili:
1. Hospitali yetu, daktari mkuu ana zamu siku gani? Ratiba imebandikwa wapi?
2. Katika kamati ya hospitali, nani anawasemea akina mama? Alichaguliwa lini?