Kufundisha watoto wadogo tenisi

Wandugu wa kalasi ya sita, tangu tulianza kusaidia watoto wa primere siku ya posho, kuna neno moja linanisumbua. Mtoto akikosa mpira mara tatu, tunasema: huyu hajui, patia mwenzako raketi. Na mara nyingi ni wasichana ndio tunaachia kazi ya kuokota mipira.

Lakini tupime kwanza ule mpira. Mpira wa kawaida ukiangushwa toka sentimetri 254 kwenye sakafu ngumu, unaruka zaidi ya sentimetri 130. Watoto wengi wa mwaka wa kwanza hawafike hata urefu ule! Mpira unapita juu ya kichwa, mtoto anapiga hewa, wakubwa wanacheka. Ni kwa sababu ya mambo kama haya, tangu mwaka 2012, sheria za tenisi za kimataifa zinataka mashindano ya watoto wa miaka 10 na chini yachezwe na mipira ya polepole: mwekundu, wa rangi ya chungwa, ao wa kijani. Kiwanja nacho kinafupishwa. Kile cha wakubwa kina metre 23,77. Cha wadogo kabisa ni karibu metre 11 tu.

Sisi mipira ya rangi tutaitoa wapi? Tuchukue ile ya zamani iliyochoka. Hairuki sana, na hapa ndivyo tunataka. Wavu ni kamba kati ya viti viwili. Raketi ikikosekana, kibao chenye mkono mfupi kinatosha.

Tena, tusianze na raketi. Kwanza mtoto asukume mpira chini kwa mkono, mwenzake ausimamishe. Halafu mmoja anatupa polepole toka chini, mwingine anaacha uruke mara moja, anakamata. Hapa tukae siku nyingi, hata wakinung'unika. Mwenye kujua kukamata amekwisha kujua mahali pa kusimama, na raketi ni mkono mrefu tu. Kisha apige kwa kiganja. Raketi ije nyuma, aishike karibu na kichwa chake, nasi tumtupie mpira kwa mkono toka karibu.

Mstari wa watoto 12 nyuma ya raketi moja, hapana. Wacheze wawili wawili, wahesabu pamoja. Wakifikisha 5 bila kukosa, kila mmoja arudi hatua moja.

Kamba na mipira ya zamani viko kwangu. Anayetaka kusaidia aje mbele ya saa nane.

Kapita wa shule