Gari la Mradi na Injini ya Dizeli Yenye Kompyuta

Usharika unapoomba gari, mara nyingi tunaulizana bei na idadi ya viti. Katika somo la robo hii tunaomba tufungue boneti.

Injini ya 1HZ ya Toyota Land Cruiser, ambayo wengi tumeizoea, ina pampu ya kimakanika inayopima mafuta na kuyasukuma kwenye nozeli. Fundi mzoefu huweza kuishughulikia kwa spana. Katika miaka ya 1990 kampuni za Denso na Bosch zilileta sokoni mfumo wa komoni reli. Humo pampu hujaza mafuta kwenye bomba moja kwa mgandamizo unaoweza kufika baa 2,000, wakati tairi la gari dogo hujazwa baa 2 na kitu tu! Kompyuta ndiyo inayoamua kila nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Huamua kwa kusoma sensa: mzunguko wa krenki, mgandamizo wa bomba, joto la maji, hewa inayoingia. Faida yake ni moshi mdogo na matumizi mazuri ya mafuta, na hilo hatulibezi.

Lakini sensa ikileta taarifa isiyoaminika, taa ya injini huwaka na kompyuta inaweza kupunguza nguvu ili kuilinda injini. Gari linalompeleka mama mjamzito hospitali ya rufaa halitapanda mlima vizuri. Hapo fundi anahitaji mashine ya kusoma kodi za hitilafu. Kodi nayo huonyesha eneo la tatizo tu. Huenda sensa ni nzima, ila waya umeliwa na panya. Kununua sensa kwa kubahatisha ni kumaliza fedha za dawa.

Adui mkubwa ni mafuta machafu. Pampu ya komoni reli hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo maji au mafuta ya taa yaliyochanganywa huisaga. Tanzania ilianza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010 ili kubaini uchakachuaji, lakini vinasaba havizuii maji kuingia katika pipa lililoachwa nyuma ya ofisi ya usharika.

Kwa hiyo, kila andiko la kuomba gari lioneshe fungu la filta halisi za dizeli, upimaji wa kompyuta, na jina la mji wa karibu wenye fundi mwenye mashine hiyo. Kama mji huo uko mbali mno, tunashauri kamati iulizie kwanza gari la pampu ya kimakanika.