Somo: Msitu Juu ya Mwamba wa Kinondo

Msafiri atokaye Ukunda kwenda Msambweni hupita Mwabungo. Upande wake wa kushoto, kuelekea baharini, ndiko iliko Kaya Kinondo, msitu wa hekta 30 hivi. Asiyejua huenda akaudhani kichaka tu kilichosahauliwa na wajenzi wa hoteli.

Kwanza tuyatazame mawe yake. Majabali ya Mwanza ni itale, yaani mawe yaliyoyeyuka chini ya ardhi kisha yakapoa polepole. Mawe ya Kinondo si ya namna hiyo. Hayo yalijengwa na vidudu vya matumbawe zaidi ya miaka 100,000 iliyopita, bahari ilipokuwa juu kuliko sasa. Maji yaliposhuka, mwamba ulibaki nchi kavu. Ndiyo sababu una matundu mengi na makali kama misumeno. Basi mgeni avae viatu imara.

Je, mti waishije mahali penye udongo haba namna hii? Mizizi hujipenyeza katika nyufa, na majani yaangukayo huoza humo yakawa udongo. Kazi hiyo huchukua miaka mingi sana. Mkata miti akimaliza kazi yake kwa siku moja, mvua huuchukua udongo ule, na jiwe hubaki tupu.

Hapa pana jambo limhusulo kila mwenye kisima. Mvua ipenyapo katika mwamba huu hushuka upesi, na kwa kuwa maji matamu ni mepesi, hukaa juu ya maji ya chumvi yatokayo baharini. Yakitekwa kupita kiasi, ya chumvi hupanda, na kisima huharibika. Kwa hiyo hoteli na shamba, ingawa viko mbali kidogo, vyategemea akiba moja.

Wazee wa Kidigo waliulinda msitu huu kwa miiko tangu zamani: hapana kukata mti, wala kutoa hata tawi kavu. Ndani yake mna makaburi na mahali pa kuombea, na yasimuliwa kwamba fingo lilizikwa humo ili kuwalinda watu. Miiko peke yake haikutosha ardhi ya pwani ilipopanda bei. Katika kisiwa cha Chale, ambacho nacho ni mahali patakatifu pa Wadigo, hoteli ilijengwa katika miaka ya 1990. Serikali ya Kenya iliitangaza Kaya Kinondo kuwa mahali pa ukumbusho wa taifa mwaka 1992, na mwaka 2008 misitu ya kaya za Wamijikenda, Kinondo ikiwamo, iliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Kwa maoni yetu, hati hizo ni njema, lakini mlinzi wa kila siku ni mzee wa kijiji.

Mgeni hupokewa na kiongozi wa hapo hapo. Hufungwa kaniki nyeusi kiunoni, huvua kofia, wala hapigi picha pasipo ruhusa. Kubusiana ni mwiko. Akiwa mtulivu, aweza kumwona mbega juu ya miti, mweusi mwenye manyoya marefu meupe mabegani. Huyo hula majani zaidi, na mkono wake hauna kidole gumba. Hata hivyo huruka toka tawi hadi tawi bila kukosea, maadamu matawi hayo yamekaribiana.