Bibi Hakuwaona Wajerumani

*Mwalimu, nasoma chuo mwaka wa tatu, kwetu ni Kivukoni, ng'ambo ya mto ukitoka Ifakara. Tumepewa kazi ya utafiti ya kurasa 15 juu ya historia ya utamaduni wa Wajerumani. Nilipeleka mada "Utamaduni wa Wajerumani na Athari Zake Afrika Mashariki", ikarudi na alama moja tu ya kuuliza. Kijerumani sikijui. Ninaye bibi wa miaka 84 aliyewaona Wajerumani kwa macho yake pale misheni Ifakara, wana ndevu ndefu na wanaongea Kijerumani. Je, anatosha kuwa chanzo? Mwenzangu hosteli ananishawishi ninunue kazi iliyokwisha andikwa.*
*Mjukuu, Kivukoni*

Mjukuu wangu, la kununua tulimalize hapa hapa: usinunue. Mhadhiri anayeweza kukurudishia mada kwa alama moja ya kuuliza atakuuliza na swali la pili, na hapo mwenzako wa hosteli hatakuwepo.

Tuje kwa bibi, maana huyo ndiye mali yako. Piga hesabu kidogo. Mwenye miaka 84 leo alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940. Mahenge, palipokuwa na boma lao la eneo lenu, iliwatoka Wajerumani Oktoba 1917, majeshi ya Wabelgiji yalipoingia. Wale wenye ndevu wa pale misheni, kwa kila dalili, ni Wakapuchini wa Uswisi, waliofika mwaka 1921 kushika kazi iliyoachwa na Wabenediktini wa Kijerumani. Kijerumani walikisema kweli, ila cha Kiswisi, ambacho mtu wa Berlin hukisikiliza amekunja uso. Mwaka 1949 akaja Mswisi mwingine, Profesa Rudolf Geigy wa Basel, na mwaka 1957 ikaanzishwa maabara ambayo leo ndiyo Taasisi ya Afya Ifakara. Bonde lenu limeishi na Waswisi miaka mingi zaidi kuliko lilivyoishi na Wajerumani.

Tafadhali usiende kumsahihisha. Kosa la bibi ndiyo mada yako. Kwa nini kila mzungu aliyesema lugha ile aliitwa Mjerumani? Jina lilibakije wakati wenyewe wamekwisha ondoka? Na Mjerumani ni nani hasa?

Usidhani swali hilo la mwisho ni la Kivukoni tu. Ujerumani kama dola moja ilizaliwa 1871, miaka 14 kabla ya kutangaza ulinzi wake juu ya ardhi yetu. Katika miaka ile ya 1870 kansela wake, Bismarck, alilibana Kanisa Katoliki kwa sheria, mapadre wakafungwa, mashirika ya watawa yakafukuzwa. Sasa itazame Mahenge. Bomani yumo ofisa wa dola ile. Hapo jirani, Kwiro, misheni inafunguliwa 1902 na Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, ambao nyumba mama yao iko Bavaria, nchi ya Wakatoliki. Babu zako waliwaona wote ni Wajerumani, na waliona sawa, kwa kuwa mwaka 1905 katika vita vya Maji Maji risasi za boma hazikuuliza madhehebu. Lakini wenyewe kwa wenyewe walikuwa na kesi ya nyumbani. Ungeandika kurasa tano juu ya hilo peke yake, nami ningezisoma.

Kama swali hilo linakutisha, chukua dogo zaidi lililo mfukoni mwako: hela. Mwaka 1904 Wajerumani waliacha kuigawa rupia kwa pesa 64, wakaigawa kwa heller 100. Jina heller limetoka mji wa Hall, kusini mwa Ujerumani, ilikofuliwa sarafu ya jina hilo zama za kati. Mvuvi wa mto Kilombero akisema hana hela, anautaja mji huo bila kujua. Neno shule nalo ni lao.

Kuhusu lugha, usihangaike mno. Mafaili ya Wajerumani yapo Nyaraka za Taifa, Upanga, Dar es Salaam, na mengine yameandikwa kwa mwandiko wa mkono wa zamani ambao hata kijana wa Kijerumani leo unamshinda. Kwa kurasa 15 huyahitaji. Anzia East Africana, maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uulizie tasnifu ya Lorne Larson ya 1976 juu ya historia ya wilaya ya Mahenge. Tafuta pia *Kiongozi*, gazeti lililochapwa Tanga katika shule ya serikali ya Wajerumani, kwa Kiswahili. Chukua barua ya utambulisho ya chuo kabla hujapanda basi.

Kisha rudi kwa bibi. Mimi ujanani nilimrekodi mzee mmoja kanda nzima, nikasahau kumwuliza habari ile aliipata kwa nani. Nina sauti nzuri isiyo na mwanzo. Kila anachokueleza bibi, mwulize: hili uliliona, au uliambiwa? Na nani? Omba ruhusa ya kurekodi, andika tarehe. Mwulize walisali naye kwa lugha gani, waliimba nini Krismasi, wao wenyewe walijiita nani.

Kama mpunga umeanza kukomaa, hutamkuta nyumbani. Atakuwa shambani anaamia ndege. Mfuate huko huko, ushike kombeo.